Ukialikwa Sabato kwa Wayahudi: mwongozo kamili wa mgeni, tangu mishumaa ya Ijumaa hadi nyota tatu

Jirani au mfanyakazi mwenzako akikuambia, "Karibu kwetu Ijumaa jioni, tule Sabato pamoja," jua amekufungulia mlango wa ndani kabisa wa nyumba yake. Hiyo ndiyo jioni anayokaa na wazazi, watoto na rafiki bila simu wala kazi. Wengi wetu hualikwa Nairobi, ambako kuna sinagogi karibu na makutano ya Uhuru Highway na University Way. Wengine huenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa Abayudaya, jamii ya Waganda wanaoshika dini ya Kiyahudi. Walioko London, Toronto au New York nao huishi mtaa mmoja na Wayahudi miaka mingi kabla ya kuvuka kizingiti chao.

Nimeupanga mwongozo huu kwa saa, si kwa mada. Sababu ni kwamba Uyahudi ni dini ya matendo kabla ya kuwa dini ya maelezo. Ukishika Sabato moja tangu mwanzo hadi mwisho, imani yao utaiona mezani, mlangoni, hata kwenye kijiko.

Hatua ya kwanza: jua misingi michache kabla hujaenda

Wayahudi wanaamini Mungu mmoja, asiye na umbo wala mshirika. Tamko lao kuu ni Shma, maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4 yanayomwambia Israeli asikie kwamba Bwana ni mmoja. Huyasema asubuhi na jioni, na anayekaribia kufa hujitahidi yawe maneno yake ya mwisho. Wanaamini Mungu alifanya agano na Ibrahimu, akampa Musa Torati mlimani Sinai, na kwamba Masihi bado hajaja.

Torati ni vitabu vitano vya Musa. Kwa hesabu ya mapokeo ina amri 613: 248 za kutenda na 365 za kuacha. Pamoja nayo kuna mafundisho ya mdomo, yaliyokusanywa katika Mishna yapata mwaka 200 baada ya Kristo, kisha yakajadiliwa kwa urefu katika Talmudi. Ukimsikia Myahudi akibishana na baba yake juu ya aya moja wakati wa chakula, usidhani wamegombana. Kwao kujadili Torati ni ibada.

Sasa mambo ya ulimi, ambayo sisi Waswahili hujikwaa nayo zaidi. Usilitamke jina la Mungu kama tulivyozoea kwenye nyimbo za kanisani. Wao hawalitamki kabisa, husema "Hashem", yaani Jina. Usikiite kitabu chao "Agano la Kale", kwani kwao si la kale, ndilo agano. Wao wanakiita Tanaki. Na usijitolee kuombea chakula, hata kama kwenu mgeni ndiye hupewa heshima hiyo. Baraka zao zina mpangilio, na utausikia. Wao hawatakushawishi uingie dini yao. Kwa mafundisho yao, asiye Myahudi anadaiwa amri saba tu za Nuhu, na anayetaka kuongoka hupitia masomo marefu.

Hatua ya pili: uliza wanashika kwa kiasi gani

Si Wayahudi wote wanashika sawasawa. Waorthodoksi hufuata sheria kwa ukamilifu, Wakonsavativu hushika nyingi huku wakikubali mabadiliko kadhaa, na Wareform huacha mengi kwenye dhamiri ya mtu. Wengine hawana dini ila hawaachi kuwasha mishumaa ya Ijumaa. Muulize mwenyeji moja kwa moja: "Nyumbani kwenu mnashika Sabato namna gani, nisije nikakosea?" Swali hilo halimuudhi mtu, bali humfurahisha. Hapa chini nimefuata nyumba inayoshika kwa ukali, maana ukiiweza hiyo, nyingine zitakuwa nyepesi.

Hatua ya tatu: zawadi, na sheria za jiko

Kwetu mtu haendi mikono mitupu. Lakini keki uliyooka nyumbani kwako, hata ikiwa tamu vipi, haitaliwa. Mara ya kwanza nilikwenda na sinia la sambusa za nyama. Mama mwenye nyumba alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa dhati, akaliweka kando, na halikurudi tena mezani. Nilisononeka mpaka aliponieleza, na maelezo yake ndiyo ninayokupa hapa.

Chakula kinachoruhusiwa huitwa kosheri. Mnyama lazima awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua: ng'ombe, mbuzi na kondoo wamo, nguruwe, ngamia na sungura hawamo. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo sato na changu ni halali kwao, lakini kambare, papa, taa, pweza, ngisi, kamba na kaa ni marufuku. Nyama huchinjwa na mchinjaji aliyesomea kazi hiyo, mapafu hukaguliwa, kisha nyama hulowekwa, hupakwa chumvi na kusuuzwa ili damu itoke. Ndiyo maana nyama ya bucha la halali, pamoja na kufanana kwa mambo mengi, haiwatoshi.

Sheria inayogusa jiko zima ni kutochanganya nyama na maziwa. Imetajwa mara tatu katika Torati, katika katazo la kumpika mwana-mbuzi kwa maziwa ya mama yake. Nyumba ina seti mbili za sufuria, sahani, vijiko na hata vitambaa vya kuoshea. Baada ya kula nyama wengi hungoja saa sita ndipo waguse maziwa, ingawa zipo jamii zinazongoja saa tatu au moja. Hivyo usishangae chai baada ya kuku wa Sabato ikawa ya rangi. Usinyanyuke kusaidia kuosha vyombo kabla hujaambiwa sinki lipi ni la nini. Msaada wako unaweza kuharibu sufuria nzima.

Pilau ya nyama iliyotiwa samli haiwezekani. Kuku wa kupaka anawezekana kabisa akiwa amechinjwa kwa taratibu zao, kwa sababu tui la nazi si maziwa ya mnyama. Wanasheria wao wa zamani walipoulizwa juu ya maziwa ya lozi pamoja na nyama, walisema lozi zenyewe ziwekwe pembeni ya chakula ili anayeona asidhani sheria imevunjwa. Nami nimeona kipande cha nazi kikiwekwa mezani kwa sababu hiyo hiyo.

Basi ubebe nini? Matunda mazima yasiyokatwa ni salama. Divai iwe na muhuri wa kosheri na chupa isifunguliwe. Maua yafike kabla jua halijazama. Zawadi ninayoipenda kuliko zote ni karafuu kavu, nzima, zisizosagwa, za Unguja au Pemba. Sababu yake utaiona Jumamosi usiku. Na siku wewe ukimwalika Myahudi anayeshika, mpe dafu, ndizi au chungwa na kisu, naye ataula ukarimu wako bila wasiwasi.

Hatua ya nne: saa

Hapa Mswahili ana faida. Sisi wa pwani tukisema usiku wa Ijumaa tuna maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, kwani siku yetu huanza jua likizama. Siku ya Kiyahudi ni hivyo hivyo, kwa sababu Mwanzo inaeleza kwamba ikawa jioni, ikawa asubuhi. Sabato huanza Ijumaa magharibi, ikaisha Jumamosi nyota tatu zinapoonekana: saa 25 hivi.

Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Nairobi, jua likizama karibu saa kumi na mbili na nusu, ni kama saa kumi na mbili na dakika kumi. Mwaka mzima hubadilika kidogo tu. Lakini ukiwa London, mwezi Desemba inaweza kuwa kabla ya saa kumi alasiri, na Juni ni baada ya saa tatu usiku. Angalia kalenda ya sinagogi la hapo ulipo, na ufike mapema. Baada ya kuwasha hakuna wa kukupigia simu akuelekeze njia, wala kengele ya umeme ya mlango haibonyezwi. Gonga kwa mkono.

Mlangoni, upande wa kulia unapoingia, utaona kikasha chembamba. Ni mezuza. Ndani yake mna ngozi yenye maneno ya Shma, yaliyoandikwa kwa mkono. Wenyeji huigusa kisha hubusu vidole. Wewe hulazimiki.

Hatua ya tano: jioni yenyewe

Mwanaume atapewa kofia ndogo ya kipa, ivae. Ukiwa na barakashia yako inatosha, maana lengo ni kufunika kichwa mbele ya Mungu. Mwanamke avae nguo ya heshima inayofunika mabega na magoti. Usinyooshe mkono kumsalimu mtu wa jinsia nyingine mpaka yeye aanze. Salamu ni "Shabat shalom". Shalom na salama ni ndugu, kwa hiyo haitakutoka vibaya.

Mishumaa ni isiyopungua miwili, kwa ajili ya maneno mawili: "kumbuka" ya Kutoka 20 na "shika" ya Kumbukumbu la Torati 5. Mama huiwasha kwanza. Kisha huzungusha mikono juu ya moto mara tatu kana kwamba anauvuta mwanga kifuani, hufunika macho kwa viganja, na husoma baraka. Mara nyingi hubaki hivyo hata baada ya baraka kwisha, midomo ikicheza bila sauti, akiwaombea wanawe mmoja mmoja. Nyumba nzima hunyamaza. Akifunua macho Sabato imeingia, na uso anaokugeuzia si ule aliokuwa nao jikoni dakika tano zilizopita.

Ukienda nao sinagogini, utasikia wimbo Leha Dodi, uliotungwa na Shlomo Alkabetz mjini Safed karne ya 16. Unaikaribisha Sabato kama bibi harusi. Kwenye ubeti wa mwisho watu wote hugeukia mlango na kuinama; geuka nao. Sala huelekezwa Yerusalemu, ambayo kutoka kwetu ni kaskazini, upande ule ule wa kibla cha Waislamu wa Afrika Mashariki. Kwa Waorthodoksi wanawake na wanaume hukaa mbalimbali, na sala ya jamaa huhitaji wanaume kumi waliotimiza miaka 13. Kwa wengine wanawake huhesabiwa pia.

Mkirudi nyumbani, baba au wazazi wote wawili huweka mikono vichwani mwa watoto. Wa kiume huombewa wawe kama Efraimu na Manase, wa kike kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kisha huimbwa Mithali 31, sifa za mke mwema, mume akimtazama mkewe. Halafu kidushi: kikombe cha divai kilichojaa, baraka, na kila mtu hupewa kidogo. Usione aibu kuomba juisi ya zabibu ukiwa hunywi pombe. Huwa ipo, na ni halali kwa kidushi. Ila chupa ya divai ikiwa wazi mezani, usimmiminie mtu. Nyumba nyingi za Orthodoksi zina sheria kuhusu nani anaigusa, kwa hiyo waache wamimine wao.

Kisha watu hunawa. Hapa utadhani uko kwenu, lakini taratibu ni nyingine: kikombe chenye mishikio miwili, maji mara mbili au tatu mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha baraka. Kuanzia hapo hakuna kuongea mpaka mkate ulike. Ukimya huo humbabaisha mgeni, naye huanza kuuliza kama kuna tatizo. Hakuna. Tulia.

Mikate ni miwili, ya kusuka, iitwayo hala, iliyofunikwa kitambaa. Miwili ni kumbukumbu ya mana ya jangwani, iliyoshuka maradufu Ijumaa ili watu wasiokote siku ya saba. Mwenyeji hufunua, hubariki, hukata, huchovya kwenye chumvi na kugawa. Chumvi ni kwa sababu meza imechukua nafasi ya madhabahu tangu Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70. Baada ya hapo ni chakula, nyimbo, na maneno ya Torati. Chakula kikiisha usinyanyuke: kuna sala ndefu ya shukrani, mara nyingi ya kuimba.

Hatua ya sita: mambo ya kutogusa

Sheria ina aina 39 za kazi zilizokatazwa, zinazotokana na kazi za kujenga Hema jangwani: kulima, kuoka, kusuka, kuandika, kujenga, kuwasha na kuzima moto, kubeba vitu hadharani na nyingine. Umeme umewekwa humo. Ndiyo maana chakula cha moto hukaa juu ya plata iliyowashwa tangu Ijumaa, taa huwashwa na kuzimwa na kifaa cha saa kilichotegwa mapema, na hata karatasi za chooni huchanwa mapema.

Nataka ulikumbuke hili la taa, kwa sababu nililifanya mwenyewe. Usiku nilipotoka msalani nilizima taa, kama mama alivyonilea nisipoteze umeme. Nyumba ile ilikuwa na bibi wa miaka themanini na kitu. Hakuna aliyeruhusiwa kuiwasha tena, wala kuniomba waziwazi niiwashe, na hawakuninung'unikia. Nilipogundua nilirudi kuiwasha kwa hiari yangu, lakini nilijifunza: swichi ulivyoikuta, ndivyo uiache.

Simu iweke mbali. Usipige picha, usiandike, usitaje bei wala biashara. Lakini mtu akiugua vibaya, kila kitu huwekwa kando. Kuokoa uhai kunashinda Sabato. Simu itapigwa na gari litaendeshwa na rabi mwenyewe ikibidi.

Hatua ya saba: Jumamosi, na maswali ya sikukuu

Asubuhi ni sinagogi. Kitabu cha Torati, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, hutolewa na wote husimama. Herufi zake ni 304,805, na ikikosekana moja hakifai kusomewa mpaka kirekebishwe. Msomaji hafuatishi kwa kidole bali kwa kijiti cha fedha chenye umbo la mkono.

Mchana ni mrefu na mtulivu, na ndio wakati wa kuuliza juu ya sikukuu. Kalenda yao hufuata mwezi kama ya Kiislamu, lakini huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19. Kwa hiyo sikukuu hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.

Mwaka Mpya, Rosh Hashana, huangukia Septemba au Oktoba. Hupulizwa baragumu ya pembe ya kondoo dume, na huliwa tofaa lililochovywa asali. Siku ya kumi ni Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho: kufunga saa 25 bila chakula wala maji, na bila viatu vya ngozi. Mungu husamehe makosa dhidi yake, lakini aliyemkosea jirani lazima aende kwa jirani mwenyewe. Usimtakie mtu "sikukuu njema ya kula" siku hiyo. Mtakie mfungo mwepesi.

Siku tano baadaye ni Sikukuu ya Vibanda. Familia hula, na wengine hulala, ndani ya kibanda kilichoezekwa matawi, kivuli kikizidi jua, na usiku nyota zionekane kwa juu. Hanuka, ya siku nane, hukumbuka Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walivyolitakasa Hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo. Huwashwa taa moja zaidi kila usiku na huliwa vya kukaangwa mafutani. Purimu ni ya Esta: zawadi za vyakula kwa rafiki na sadaka kwa maskini.

Pasaka ndiyo inayobadilisha nyumba kuliko zote. Kila punje ya chachu hutolewa, hadi mifukoni mwa makoti. Huliwa matsa, mkate mkavu wa unga na maji, ambao tangu maji yaguse unga mpaka uive dakika 18 hazipiti. Usiku wa kwanza mtoto mdogo huuliza maswali manne, na wakubwa wanawajibika kumsimulia jinsi Israeli walivyotoka Misri, wakinywa vikombe vinne na kuonja mboga chungu ya utumwa. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki huacha pia wali, mahindi na maharage siku hizo, kwa hiyo ugali haupiti kwao. Wengi wa Kisefardi, yaani wenye asili ya Hispania, hula wali.

Kwa Abayudaya Pasaka ina uzito wa pili. Jamii yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, mkuu wa Kiganda aliyeisoma Biblia, akaamua kushika Torati na kujitahiri yeye na wanawe. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na waliobaki waliabudu kwa kujificha. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ndiyo ilikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka.

Wiki saba baada ya Pasaka ni Shavuoti, ya kupewa Torati: watu hukesha wakisoma na hula vyakula vya maziwa.

Hatua ya nane: kuiaga

Jumamosi magharibi watoto hutoka uani kutafuta nyota. Tatu zikionekana, wote hukusanyika kwenye Havdala, ibada fupi ya kutenganisha siku takatifu na siku za kazi. Divai hujazwa mpaka imwagike kidogo kwenye kisahani. Mtoto hushika mshumaa wa kusuka wenye tambi kadhaa. Kisha huletwa kikopo cha manukato, na ndani yake mara nyingi ni karafuu. Hubarikiwa, halafu hupita mkono kwa mkono, kila mtu akinusa, kwa sababu inasemwa roho hulegea Sabato inapoondoka na harufu njema huituliza.

Kikikufikia, vuta harufu polepole, umpe wa kulia kwako. Utawaona wakiinua mikono kwenye mwanga na kutazama kucha zao, ili baraka ya moto isisemwe bila moto kutumiwa. Divai hunywewa. Mshumaa huzamishwa kwenye kisahani na kuzimika kwa mlio mfupi, moshi ukichanganyika na karafuu. Mtu husema "Shavua tov", wiki njema, nawe ujibu vivyo hivyo. Kisha mmoja wao hunyanyuka, hunyoosha kidole, na kuwasha taa.